Udi kwenye Meli ya Mafuta

Watu wa Hindawiya, mtaa wetu wa Jeddah, waliniita Nahodha, nami sikuwasahihisha. Ukitaka kujua mimi ni mtu wa namna gani, anzia hapo. Kazi yangu hasa ilikuwa mpishi wa pili kwenye meli ya mafuta, na mpishi wa pili ni yule anayemenya viazi huku mpishi wa kwanza akimwambia viazi havimenywi hivyo. Lakini Jeddah ya miaka ile ilikuwa ikijengwa kwa fedha za mafuta, mpaka ukilala mchana unaamka unakuta nyumba ya jirani imepanda ghorofa, na kila mtu alikuwa mkubwa wa kitu. Dereva wa gari la maji alijiita meneja. Mbeba matofali alijiita mkandarasi. Mimi nikiitwa nahodha, nani angeuliza chombo kiko wapi?

Jina lenyewe alilizusha shangazi yangu, Bi Kijakazi, aliyenilea tangu tulipotoka Unguja baada ya mapinduzi, mimi nikiwa mtoto wa kubebwa. Alipopiga simu Riyadh kuniposea binti wa Mzee Haroub, muuza udi wa soko la Al-Dirah, aliulizwa kijana anafanya kazi gani. Akajibu, "Yumo kwenye meli ya mafuta. Bila yeye, chombo hakitoki bandarini." Hakusema uongo. Meli isiyo na mpishi haitoki. Mzee Haroub akaelewa alivyopenda kuelewa, na shangazi akaaga haraka kabla hajaulizwa la pili.

Binti mwenyewe aliitwa Badriya. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwenye harusi ya jamaa zetu Jeddah, ambako nilisaidia kupika. Nilipopeleka masinia mlangoni upande wa wanawake, yeye ndiye aliyeyapokea. Akanusa, akasema, "Huu wali umeungua." Ulikuwa umeungua kweli. Nikampenda palepale, kwa sababu ambazo mpaka leo nashindwa kuzieleza, nikarudi jikoni nikajigonga na mlango.

Kwa hiyo posa ilipokubaliwa nilikuwa na furaha na hofu, na hofu ilikuwa na haki zaidi. Mzee Haroub aliwahi kuwa karani wa forodha Unguja, na ingawa sasa aliuza udi na ubani katika duka la upana wa godoro, ukarani haukumtoka. Aliniambia siku ya kwanza, "Mimi simtoi binti yangu kwa mtu asiye na neno. Nataka mkwe ambaye akisema kwenye chombo, watu wanasikia." Nikamjibu kwamba kwangu mimi watu wanasikia. Nilikuwa nagonga sufuria wakati wa chakula, na wote walikuja.

Harusi ikapangwa Mfungo Mosi. Kabla ya hapo nilikuwa na safari mbili za meli, na roho yangu yote ilikuwa kwenye jambo moja: nifike siku hiyo nikiwa hai, na Mzee Haroub akiwa bado hajajua ninachokifanya kwa kisu.

Kufika hai lilikuwa gumu zaidi. Vita vya Iran na Iraki vilikuwa vimeshuka baharini, na pande zote mbili zilikuwa zikipiga meli za mafuta. Yetu ilikuwa ndefu kiasi kwamba mabaharia walipanda baiskeli kwenda mbele. Siku moja nilijaribu kuipanda na chungu cha supu, tangu hapo nikakatazwa. Chini ya miguu yetu kulikuwa na mafuta ya kuwasha nchi nzima. Basi hapakuwa na sheria kubwa kuliko ya moto. Ukipanda ngazi, ofisa anakupokea kwa kukupapasa mifuko: kiberiti toa, kiberiti cha gesi toa. Wavutaji walikuwa na chumba chao kimoja, na humo walikaa kama wagonjwa. Jiko letu lilikuwa la umeme. Mwenye kuwasha moto mahali pengine popote aliteremshwa bandari ya kwanza, na jina lake likazungushwa kwa mawakala wote asipate meli nyingine.

Kazi zenyewe hazikuwa na shani. Tulipakia, tukapakua, tukaosha matangi, tukapaka rangi kutu ileile tuliyoipaka mwezi uliopita. Tukikaribia eneo la hatari tulifunika madirisha, tukala chakula cha jioni jua likingali juu, na kila mtu akatembea na boya lake la kifuani. Mimi nilikuwa nalo hata nikikoga. Ikipita ndege, yoyote ile, hata ya abiria, mimi nilikuwa naingia chumba cha barafu na kujificha nyuma ya paja la ng'ombe. Nilijiambia chuma cha mlango ule ni kinene.

Aliyekuwa akinitoa humo ni Ernest, mtu wa pampu, mwenyeji wa Tanga, tuliyelala naye chumba kimoja. Alikuwa Mkristo, akipiga gitaa nyimbo za kanisani kwao kwa sauti ya chini, vidole vyake vikipita kwenye nyuzi bila yeye kuvitazama. Alinivumilia kwa mengi isipokuwa ugali.

"Kaka Hamdun," alikuwa akiniambia, "huu ugali wako ungepelekwa Jeddah wakajengee." Kisha akaninyang'anya mwiko na kuusonga mwenyewe. Nami nilimwachia, maana alisema kweli.

Njia ya kwenda melini ilipita Riyadh: ndege kutoka Jeddah, kisha treni mpaka bandari ya Dammam. Kwa hiyo kila safari nililala kwa jamaa zangu hapo Riyadh, na alasiri nikapelekwa kwa Mzee Haroub kunywa kahawa. Badriya alikaa upande wa pili wa chumba, na katikati yetu akakaa mama yake, Bi Mwanakhamis, akifuma kofia na kutusikia sote wawili bila kuinua uso.

Hapo ndipo ulimi wangu uliponivua nguo. Nilisimulia makombora. Nilisimulia ndege zilizopita juu ya kichwa changu, nikaacha kutaja paja la ng'ombe. Badriya hakusifu. Aliuliza maswali tu.

"Na mtu akitaka kuacha?"

"Haachi. Ana mkataba. Labda wamfukuze wao."

"Wanafukuza kwa lipi?"

"Kwa moto!" nilisema, nikijiona bingwa. "Wizi watakusamehe, uvivu watakusamehe. Lakini ukiwasha moto hata wa kuchomea mende, bandari ya kwanza unashuka, na hutaiona meli tena maishani."

"Ala," akasema Badriya. "Hata moto mdogo?"

"Hata moshi tu."

Bi Mwanakhamis aliinua uso kutoka kwenye kofia yake mara hiyo moja, akamtazama bintiye, akarudi kwenye kazi yake. Mimi nilikunywa kahawa yangu nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Nikaenda safari hiyo, nikarudi salama. Kwenda safari ya pili, ya mwisho kabla ya harusi, nilipita tena Riyadh. Mzee Haroub alikuwa dukani na wateja. Badriya alinijia mpaka mlangoni, mama yake akiwa nyuma yake, akanipa kikapu cha chapati. Chini ya chapati kulikuwa na chetezo cha udongo, vidonge vya mkaa, na kipande cha udi kilichofungwa kwa kitambaa.

"Baba kasema uchukue," akaniambia. "Usiku wa Ijumaa ufukize chombo, harufu ifike mpaka kwa wakubwa. Ni kinga. Na usende kumshukuru, hapendi kushukuriwa. Ataniuliza mie kama umefanya."

"Badriya, kule moto…"

"Kwani wewe si mwenye neno kule?"

Nikakichukua kikapu.

Watu wetu hawafanyi jambo bila kufukiza. Nyumba mpya hufukizwa, bibi harusi hufukizwa, nguo za Idi hufukizwa, na mzazi aliyetoka kujifungua naye hali kadhalika. Mkwe akikupa udi amekupa amana, na kuutupa ni kumtupa yeye. Nilivusha chetezo mbele ya ofisa wa ngazini kwa kumwambia ni chombo cha maua, naye akaniona mtu mwenye moyo laini. Mkaa niliukunja ndani ya chapati.

Ernest nilimweleza. Akacheka mpaka akaweka gitaa chini.

"Tupa baharini, kaka. Mwambie ulifukiza."

"Ataniapisha."

"Basi mwogope Mungu na meli yako. Mkwe atangoja."

Lakini kombora lilikuwa linaweza kuja au lisije, na Mzee Haroub alikuwa wa hakika. Usiku wa Ijumaa ulipoingia, baada ya Magharibi, mpishi wa kwanza alipokwenda kupumzika, nilifunga mlango wa jiko. Nilijitolea fatwa mwenyewe kwamba kidonge cha mkaa kikipata joto juu ya jiko la umeme, huo si moto, hiyo ni kazi ya jikoni. Kikawa chekundu. Nikakiweka kwenye chetezo, nikamega kijipande cha udi, nikasoma nilichokijua. Moshi ukapanda mzuri, mwembamba. Nikazunguka sufuria, nikazunguka friji, nikalifukiza paja la ng'ombe lililonisitiri mara nyingi.

Ningeishia hapo ningekuwa nahodha mpaka leo. Lakini nikakumbuka: harufu ifike mpaka kwa wakubwa. Nikatia kipande chote kilichobaki, nikawasha feni kubwa.

Kilichofuata nilisimuliwa na Ernest, kwa kuwa king'ora kilipolia mimi nilikuwa nimeshaingia chumba cha barafu. Moshi ulipita kwenye mabomba ya hewa ukatokea chumba cha usukani. Nahodha wetu, nahodha wa kweli, Mgiriki mwenye masharubu ya kijivu, aliunusa, akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba. Kanisani kwao nako hufukizwa. Alidhani kombora limekwisha kupiga, naye amekwisha kufa na sasa anasomewa. Alipojiona bado ana miguu, akaamuru wote kwenye mashua za kuokolea. Watu wakatoka na mataulo, mmoja na sabuni kichwani. Manowari iliyokuwa karibu ikauliza kwenye redio kama tunaungua.

Mtu wa redio akaenda kuangalia, akarudi kujibu, "Hapana. Mpishi wa pili anafanya ibada."

Nilitolewa chumba cha barafu nikiwa nimekumbatia chetezo. Nahodha alinitazama kwa muda. Nadhani alikuwa anatafuta tusi la kunitosha, na kwa Kigiriki chote hakulipata. Akaonyesha tu upande wa nchi kavu.

Bandari ya kwanza nikashushwa. Ernest ndiye aliyenibebea mfuko ngazini. Pampu zilikuwa na watu wa ziada, jiko halikuwa na mtu, basi walimpa yeye nafasi yangu, pamoja na nyongeza kidogo na kazi ya kivulini.

"Nimepanda cheo kwa moshi wako," akasema, akinikumbatia. "Sasa hii meli itakula ugali."

Nilipanda treni ya Riyadh nikiwa na chetezo mapajani. Nilijua kwamba posa imekwisha. Nikajaribu kutunga uongo njiani, nami ni fundi wa kazi hiyo, lakini jangwa lile halina kitu cha kumpa mtu wazo. Nilipofika Al-Dirah nikaenda moja kwa moja dukani. Mzee Haroub alikuwa amekaa nyuma ya mizani. Nikaweka chetezo mbele yake.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Kulikoni? Chombo kimerudi mapema?"

"Chombo kimeendelea, Ami. Mie ndo nimerudi." Nikamwaga yote, maana nilikuwa nimechoka kuwa nahodha. Nikamwambia kazi yangu ni kumenya viazi. Nikamwambia udi wake niliufukiza kama alivyoagiza, nao ulifika kwa wakubwa, na wakubwa wamenifukuza. Nikamwomba radhi, nikasema binti yake yuko huru.

Mzee Haroub alinisikiliza akiwa amefumba macho. Akayafumbua.

"Udi gani?"

"Ule ulionipa, Ami. Kwa mkono wa Badriya."

"Mie sikukupa udi." Akainuka, akafungua sanduku la nyuma, akapekua. Sauti ikampanda. "Kipande changu cha Kambodia! Nilichokiweka kwa harusi! Umekitia kwenye jiko la umeme?"

Akafunga duka kabla ya wakati wake, jambo ambalo majirani walisema hawajaliona, akanishika mkono mpaka nyumbani, mkono wangu wa pili ukiwa na chetezo. Bi Mwanakhamis alikuwa anafuma. Badriya alitutazama, akakiona chetezo, na akashusha pumzi.

"Ameshuka," akasema.

"Nani alichukua udi wangu?" akauliza babake.

"Mie, Baba." Kisha akanigeukia. "Wewe mwenyewe ulinambia. Ati moshi tu unatosha. Nikakaa nikafikiri, nimwombe aache? Hataacha, anamwogopa Baba. Nimwombe Baba? Baba anataka nahodha. Basi nikasema awashe, wamteremshe."

"Ulijua kuwa mie mpishi?"

"Hamdun, wewe si ndiye uliyeunguza wali? Nilikujua siku ile ulipoingia hapa na hadithi za makombora. Nilikuwa nasikiliza redio kila siku, meli ile imepigwa, meli hii imepigwa." Hapo sauti ikamkatika. "Sitaki eda kabla sijavaa kanga ya harusi. Nilikuwa naogopa. Ndo hivyo tu, nilikuwa naogopa."

Hakuna mtu aliyewahi kuniogopea. Shangazi alinipenda, lakini alikuwa anaogopa nitachelewa kuoa. Nilitaka kusema neno zuri la kukumbukwa, nikasema, "Wali ule moto ulikuwa mkali."

Tulingoja Mzee Haroub atufukuze. Badala yake akauliza, polepole, "Huo udi wangu, ulifika mpaka wapi?"

"Mpaka kwa nahodha, Ami."

"Akasemaje?"

"Alivua kofia. Alidhani amekufa."

"Kwa kile kipande kimoja?"

"Kimoja. Watu wote walikimbilia mashua. Manowari ikauliza."

Uso wake ukaanza kufunguka. Kesho yake Al-Dirah nzima ilijua kwamba udi wa Haroub, kipande kimoja tu, umesimamisha meli ya mafuta katikati ya vita. Wateja waliuulizia kwa jina hilo. Kuhusu viazi, hakutaja kwa mtu, na mimi nikaozwa Mfungo Mosi kama tulivyopanga.

Tulihamia Jeddah. Kafili wangu, Msaudi aliyenidhamini nchini, aliyekuwa akipeleka vyakula melini na pia kulisha mafundi wa majengo, alinipokea kwa kelele. "Halas, Hamdun! Bahari mafi! Yalla, jikoni!" Yaani bahari hakuna tena, twende jikoni. Nikapewa kupika kwenye banda lake katika mtaa wa Karantina, viazi vilevile, juu ya nchi kavu. Badriya alikuwa akinirekebisha wali, na nilikuwa na raha mpaka nikaona aibu.

Kafili ndiye aliyetuletea habari. Alikuja bandani mchana, hakupiga kelele, ndipo nikajua ni kubwa. Meli yetu imepigwa, akasema. Nyuma, upande wa jiko. Mpishi wa kwanza alinusurika kwa kuwa alishuka ghalani kufuata viazi. Aliyekuwa jikoni ameungua. Wakala anamleta hospitali ya hapa Jeddah.

Nilimwambia Badriya jioni ile. Alikaa kitako sakafuni. Hakuuliza ni nani, nilikuwa nimeshamsimulia ugali wa Ernest mara nyingi na tulikuwa tumecheka pamoja.

Kesho yake tukaenda kumwona, Badriya na bakuli la uji. Alivaa baibui lake la kutokea, lile lililokuwa likifukizwa kila wiki kwa udi wa babake. Ernest alikuwa amelala chali, mikono yote miwili imefungwa bendeji mpaka viwikoni. Alipotuona akatabasamu kwa upande mmoja. Kisha akanusa.

"Shemeji," akasema, "hiyo harufu naijua. Ndiyo iliyonipandisha cheo."

Nilicheka, kwa sababu mimi ni mtu wa kucheka mahali pasipostahili. Badriya hakucheka. Aliweka bakuli chini.

"Ernest, udi ule nilimpa mie. Kwa makusudi, ili ashushwe. Sikufikiri kwamba patakuwa na mtu wa kuingia pale."

Ernest alitazama dari. Mahali pale palikuwa na feni inayozunguka, na mimi nikaitazama vilevile, nikisubiri.

"Mimi nilifurahi kulipata lile jiko," akasema mwisho. "Kulikuwa na kivuli." Halafu, "Huo uji una sukari?"

Badriya akamlisha kijiko kwa kijiko, akilia bila kujificha, siku ile na nyingine zilizofuata, mpaka alipofunguliwa bendeji na kupelekwa kwao Tanga. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikukunjika tena. Gitaa aliliacha kwetu. Lipo juu ya kabati.

Baibui lile Badriya alilifua mara nyingi, kisha akaligawa. Chetezo alikitia kwenye kisanduku pamoja na mkaa. Mzee Haroub hutuletea udi kila akija Jeddah, naye binti yake huupokea kwa mikono miwili, hushukuru, na huuweka. Nyumba ya binti wa muuza udi hainuki udi. Wageni huingia, hunusa, husikia vitunguu tu, na hunitazama kwa huruma wakidhani nimefilisika. Nami siwasahihishi.